Nyumba Njema si Mlango: Kenya na Tanzania kama Makao ya Watu, Zikitazamwa kutoka Samburu ya Kwale

Utangulizi

Katika ramani ya Kenya yapo maeneo mawili yaitwayo Samburu. La kwanza, lijulikanalo na wengi, ni kaunti ya wafugaji iliyo kaskazini mwa nchi. La pili ni mji mdogo wa Kwale ulio kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, baina ya Mariakani na Taru, katika nchi ya Waduruma. Makala haya yanaanzia katika Samburu hii ya pili kwa sababu mkaazi wake huiona dola ikimpitia kila siku. Malori hupita na shehena za Uganda, Rwanda na Kongo. Reli ya kale na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 zote hukata nyika hiyo hiyo. Bomba la maji ya Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 ili kuinywesha Mombasa, nalo hupita katika ukanda huo mkavu. Hata hivyo, mvua ikikosa, mama wa Kiduruma hubeba dumu lake na kwenda mbali kutafuta maji.

Hali hiyo inatoa funzo la awali kwa yeyote anayetaka kulinganisha nchi na mifumo yake ya utawala. Kupitiwa na dola ni jambo moja, na kukaliwa nayo ni jambo jingine. Katika mijadala ya wanafunzi, swali la nchi ipi ni bora kuishi, Kenya au Tanzania, huulizwa mara nyingi, na majibu yake huwa mepesi: huku kuna uhuru na fedha, kule kuna amani na udugu. Majibu hayo hutolewa kana kwamba nchi ni kitu kimoja kwa wote waishio ndani yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la mfumo ni kipimo dhaifu cha ubora wa nchi kama makao. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kipimo kilicho imara zaidi ni jibu ambalo dola humpa mtu aliye pembezoni anapouliza: je, mimi ni wa hapa? Mfano unaotumika ni ukanda wa Kwale, kuanzia Samburu hadi Diani, Msambweni na Shimoni, pamoja na majirani zake wa mkoa wa Tanga ng'ambo ya Lunga Lunga na Horohoro. Ukanda huu unafaa kwa sababu wakaazi wake wamekuwa wakizilinganisha dola kwa miguu yao na kwa mashua zao kabla ya wataalamu kuzilinganisha kwa kalamu.

Vigezo vya Ulinganisho

Ulinganisho wowote hauna budi kuwa na vigezo vinavyoeleweka. Makala haya yanatumia vinne. Cha kwanza ni ardhi: mtu anaweza kuwa na hakika gani juu ya mahali anapolala na kulima? Cha pili ni utambulisho: je, dola inamjua kuwa ni wake, na kwa hati gani? Cha tatu ni sauti: ni nani aliye karibu naye ambaye anaweza kumchagua au kumwondoa? Cha nne ni usalama: akikosana na watawala, je, atalala kwake?

Ni vyema kueleza kwa nini kipato hakikuwekwa miongoni mwa vigezo hivi. Kipato kina umuhimu mkubwa, na watu wengi wamehama kwa ajili yake. Lakini kipato cha mtu asiye na ardhi, hati, sauti wala usalama ni sawa na maji yaliyotiwa katika pakacha. Wakaazi wa Msambweni waliokuwa na kazi bila kitambulisho wanaujua ukweli huo, kama itakavyoonyeshwa.

Mifumo Miwili na Majina Yake

Mpaka unaotenganisha Kwale na Tanga ulichorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mstari huo uliwakata Wadigo na Wasegeju, ukawaacha ndugu wa ukoo mmoja chini ya bendera mbili. Baada ya uhuru, bendera hizo zilikuja kuwakilisha itikadi mbili. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, ikashika njia ya ujamaa na kujitegemea. Kenya ilifuata uchumi wa soko na umilikaji wa mtu binafsi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Kenya nayo ilijiita nchi ya kijamaa. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao ndio uliokuwa dira ya uchumi wake, ulitolewa kwa jina la usoshalisti wa Kiafrika. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye angezilinganisha nchi hizi mbili kwa kusoma majina ya nyaraka zao mnamo mwaka 1967 angedhani kwamba ni pacha. Huo ni ushahidi wa kwanza kwamba mlango hauelezi nyumba.

Katika miaka ya 1970 nchi hizi zilirushiana masimango. Upande wa Tanzania uliielezea Kenya kuwa jamii ya mtu kula mtu. Upande wa Kenya ukajibu kwamba afadhali hiyo kuliko jamii ambamo mtu hana cha kula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa serikali, hiyo ilikuwa hatua ya kidiplomasia. Kwa Mdigo wa Lunga Lunga mwenye shangazi Horohoro, kumtembelea mgonjwa au kwenda matangani kukawa kosa la jinai.

Ni katika miaka hiyo ambapo neno magendo lilishika mizizi. Tanzania ilipopungukiwa na sabuni, sukari na nguo, bidhaa za Kenya zilivushwa kwa njia za panya na kwa mashua za usiku. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliendesha msako mkubwa dhidi ya waliyoitwa wahujumu uchumi. Mtu mmoja akawa mkombozi wa jirani zake waliokosa sabuni na wakati huo huo mhalifu mbele ya dola. Isitoshe, wakati Mtanzania alikosa sabuni dukani, mtoto wake alikuwa na nafasi ya shule, kwani mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977. Nchini Kenya ada za shule za msingi hazikuondolewa kikamilifu hadi mwaka 2003. Mtu wa mpakani aliyeulizwa nchi ipi ni bora angeweza kujibu kwa haki kabisa: ya kununulia ni ile, ya kusomeshea ni hii.

Ardhi: Nchi Moja, Sheria Tatu

Kigezo cha ardhi ndicho kinachoonyesha wazi zaidi kwamba nchi haiwi moja kwa wakaazi wake wote. Ndani ya Kwale pekee zipo historia mbili. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, nao ukawekwa chini ya uangalizi wa Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda huo wawasilishe madai yao ili wapewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, ambao umilikaji wao ulitegemea ukoo, mti wa mnazi na kaburi la babu, hawakupata karatasi hiyo. Sultani aliuachia Kenya ukanda huo kwa mapatano ya Oktoba 1963, lakini hati zilizokwisha kutolewa zilibaki na nguvu zake.

Matokeo yake yanaonekana Diani. Fuo zake zilipoanza kujengwa mahoteli ya watalii, ardhi iliyokuwa ya mihogo na minazi ikawa bidhaa ghali, na mtu aliyezaliwa hapo akajikuta akiitwa skwota. Neno hilo ni la kigeni, na ugeni wake una maana: Kiswahili hakikuwa na jina la mtu anayehesabiwa mvamizi katika kiwanja alichozikwa babu yake.

Samburu iko nje ya maili hizo kumi. Huko ardhi ilikuwa ya hifadhi ya wenyeji wakati wa ukoloni, kisha ikawa ardhi ya amana chini ya baraza la wilaya, na sehemu zake zikagawanywa kuwa ranchi za vikundi kwa sheria ya mwaka 1968. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ndiyo iliyokuja kuwapa wanajamii nafasi ya kuisajili kwa jina lao wenyewe. Mduruma wa Samburu hakuondolewa na hoteli. Tishio lake ni jingine, yaani ardhi inayomilikiwa na wote kuuzwa na wachache waliokabidhiwa mhuri, au kukatwa na mradi wa taifa ambao faida yake hushukia mbali.

Ng'ambo ya Horohoro hali ni tofauti. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Mdigo wa wilaya ya Mkinga kwa hiyo haitwi skwota kijijini kwao kwa urahisi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inampa Rais uwezo wa kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na uwekezaji unaweza kuhesabiwa kuwa miongoni mwa manufaa hayo. Aidha, historia haijasahau kwamba kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi wao kwa nguvu na wakiacha nyuma mashamba na miti yao.

Yakiwekwa katika mizani, mambo haya hayaegemei upande mmoja. Mfumo wa Kenya humlinda sana mwenye hati na kumwacha uchi asiye nayo. Mfumo wa Tanzania humfunika kila mwanakijiji kwa shuka moja, lakini shuka hiyo imeshikwa upande mmoja na mkono wa dola.

Utambulisho: Wamakonde na Wapemba wa Kwale

Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, hufundishwa kuwa ni methali ya ukarimu wenye mipaka. Ina maana nyingine isiyoelezwa sana: apewaye jembe si mgeni tena. Kwa kipimo hicho, kisa cha Wamakonde wa Kwale ni kisa cha methali iliyovunjwa.

Tangu miaka ya 1930 Wamakonde kutoka Msumbiji walikuja Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo ya Ramisi. Nyuma yao waliacha utawala wa Wareno uliojulikana kwa kazi za kulazimishwa. Wengine walifuata baadaye, wakati vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 vilipokuwa vikiendelea. Hawa walikuwa watu waliolinganisha nchi kwa maana halisi ya neno hilo, na wakachagua. Jembe walipewa tangu siku ya kwanza. Kitambulisho hawakupewa.

Kikwazo kilikuwa katika sheria. Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Waliokuwa nje ya masharti hayo walipewa muda wa kujiandikisha, na vibarua wa mashambani wengi hawakujiandikisha. Kuanzia hapo ukosefu wa hati ukawa urithi. Mtoto hakupata kitambulisho kwa kuwa baba hakuwa nacho, na mjukuu hakukipata kwa kuwa mtoto hakukipata. Wengi wao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote, kwani Msumbiji ya kisasa haikuwajua.

Katika Kenya, mtu mzima asiye na kitambulisho hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kuajiriwa rasmi. Akikutana na askari barabarani hana la kuonyesha. Mtu anaweza kuzaliwa Msambweni, kusoma Msambweni, kuchonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii kama sanaa ya Kenya, na bado asiwe Mkenya.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia waliokuwa wameishi nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, ila ilikuwa na muda maalumu, na utekelezaji wake ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde na watetezi wao waliondoka Kwale kwa msafara, sehemu yake kwa miguu, kwenda Nairobi kumwona Rais. Njia ya Nairobi ni ile ile ipitayo Samburu, ambayo kwa kawaida huona mizigo ikipita. Safari hiyo iliona watu waliokuwa wakidai kuhesabiwa kuwa watu. Serikali ilikubali, na Februari 2017 walianza kukabidhiwa vitambulisho. Wakatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tangu jembe la kwanza hadi kitambulisho cha kwanza ilikuwa imepita takriban miaka themanini.

Wapemba wa Shimoni, Vanga, Gazi na vijiji vingine vya uvuvi walisubiri zaidi. Bahari baina ya Pemba na pwani ya Kwale ilikuwa njia ya uvuvi na ya kuoana kabla ya kuwa mpaka. Baadhi yao walihama kwa ajili ya samaki, wengine kwa sababu ya misukosuko iliyoambatana na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Kenya iliwatambua rasmi kuwa mojawapo ya jamii zake mwaka 2023.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba Tanzania ni bora kwa kigezo hiki. Na kweli ina rekodi inayostahili sifa. Takriban Warundi 162,000 waliokimbilia huko mwaka 1972 walipewa uraia, na vyeti vyao vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Huko Chogo, wilayani Handeni mkoani Tanga, zaidi ya Wasomali elfu moja wa asili ya Kibantu, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, nao walipewa uraia. Lakini nchi hiyo hiyo, mwaka 2001, ilimtangaza mwandishi wa habari maarufu Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, ingawa alikuwa amekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Mwaka 2013 maelfu ya watu waliondolewa katika mikoa ya magharibi kwa madai kwamba ni wahamiaji haramu, wakiwemo walioishi huko kwa miongo. Dola yenye uwezo wa kutoa uraia kwa ukarimu inaweza pia kuuhoji kwa wepesi.

Sauti na Usalama

Kuhusu sauti, ulinganisho unaleta jambo la kustaajabisha. Katika Kenya, tangu uchaguzi wa mwaka 2013, mkaazi wa Samburu humchagua gavana wa Kwale na mwakilishi wa wadi yake katika bunge la kaunti. Kabla ya ugatuzi, mkubwa wa wilaya aliletwa kutoka Nairobi. Lakini chifu na naibu wake, ambao ndio watawala walio karibu naye zaidi na ambao barua zao huhitajika katika maombi ya kitambulisho, ni watumishi wa serikali wanaoajiriwa. Hawachaguliwi.

Tanzania imepanga mambo kinyume chake. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji huchaguliwa, na mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka kisheria ambayo kijiji cha Kenya hakina. Hata hivyo, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Kwa maneno mengine, Mkenya ana sauti katikati ya ngazi na hana chini yake; Mtanzania anayo chini na hana katikati. Sauti hiyo ya chini nayo hutegemea uhai wa ushindani: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilisusa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa.

Kuhusu usalama, kwa miaka mingi Tanzania ilisifiwa kuwa kisiwa cha amani, na Kenya ikatajwa kuwa nchi ya ghasia za uchaguzi. Zipo sababu. Mwezi Agosti 1997 ghasia zilizoanzia Likoni zilienea katika Kwale, na watu wa bara waliokuwa wakiishi huko wakauawa na kufukuzwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu elfu moja waliuawa nchini Kenya. Lakini Januari 2001 mashua zilielekea upande wa pili wa hadithi. Polisi walipowapiga risasi waandamanaji Pemba, watu wapatao elfu mbili walivuka bahari na kushukia Shimoni. Wakati huo Kwale, iliyokuwa imewafukuza majirani miaka minne kabla, ikawa kimbilio.

Matukio ya karibuni yameufanya uamuzi kuwa mgumu zaidi. Mwezi Juni 2024 vijana waliuawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha nchini Kenya, na wengine wakatoweka. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatiwa na maandamano, mauaji, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam na kukatwa kwa intaneti. Sifa ya amani na sifa ya uhuru, zote mbili zilikuwa zimewekwa mlangoni. Ndani ya nyumba, aliyenyanyua sauti hakuwa na hakika ya kulala kwake.

Maneno Yanayovuka Mpaka

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ushahidi wa ziada uko katika msamiati. Kila mfumo umeacha alama zake. Tanzania ilikipa Kiswahili maana mpya ya ujamaa, na kupitia kwa Mwalimu Nyerere ikakipa neno kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki. Kenya ilikipa harambee, na baada ya katiba ya mwaka 2010 ikalieneza neno ugatuzi. Mtu husema hatimiliki upande mmoja na hakimiliki ya kimila upande wa pili, na tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya falsafa mbili za ardhi.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni nyumba kumi. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliwaweka wanachama wake chini ya balozi wa nyumba kumi. Balozi huyo alikuwa jicho la chama, lakini pia alikuwa mtu wa kusuluhisha ugomvi na wa kumshuhudia jirani yake kwamba anajulikana. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ililichukua jina hilo na kulitumia kwa mpango wa usalama, ambao kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtambua mgeni anayeshukiwa. Neno lilivuka mpaka bila pasi ya kusafiria, ila lilipofika upande wa pili lilibadilishiwa kazi. Ukichunguza, hata balozi wa awali alikuwa na nyuso hizo mbili: kumjua mtu ili umhifadhi, na kumjua ili umdhibiti. Kitambulisho cha Kenya nacho kina nasaba kama hiyo. Wazee wa pwani bado hukiita kipande, na kipande cha ukoloni kilikusudiwa kumfunga kibarua kwa mwajiri wake. Kile ambacho kizazi cha kwanza kilivalishwa shingoni kwa nguvu, ndicho ambacho wajukuu wa vibarua walikiendea Nairobi.

Hitimisho

Makala haya yamelinganisha Kenya na Tanzania kwa vigezo vya ardhi, utambulisho, sauti na usalama, yakiegemea maisha ya watu wa Kwale na majirani zao. Imebainika kwamba hakuna nchi iliyoshinda katika vigezo vyote, na kwamba jina la mfumo halikutosha kutabiri hali ya mkaazi. Nchi iliyojiita ya udugu iliwahamisha watu kwa nguvu. Nchi iliyojivunia umilikaji iliwaita wenyeji wake maskwota. Imebainika pia kwamba ndani ya nchi moja mtu wa Samburu, wa Diani na wa Msambweni hawaishi katika dola moja, ijapokuwa wimbo wao wa taifa ni mmoja.

Kwa hiyo anayeuliza nchi ipi ni bora kuishi anapaswa kwanza kuulizwa: bora kwa nani? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeahidi uhuru wa watu kusafiri na kufanya kazi, lakini imeliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu mwaka 2010 na Tanzania haijauruhusu. Mdigo mwenye mama Mkinga na baba Lunga Lunga bado hutakiwa achague, ilhali ukoo wake haukuwahi kuchagua.

Kazi iliyobaki kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili ni ya karibu. Visa vya waliovuka, kwa miguu kutoka Msumbiji na kwa mashua kutoka Pemba, vingali vinasimuliwa na wazee wa Makongeni, Gazi na Shimoni, na wazee hao wanazidi kupungua. Visa hivyo vikusanywe kwa lugha ambayo vilisimuliwa. Ndani yake mna elimu ya uraia ambayo haijaandikwa katika katiba ya upande wowote: kwamba mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji, na dola inayochelewa kumwandika ndiyo iliyo na deni.